Barua Kumi na Moja za Becky

Jumatatu, Mei 10, 1999

Shule imefunguliwa. Mvua tangu alfajiri, uwanja ni tope tupu. Mwalimu mkuu, Bwana Muriithi, amenikabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta. Anasema mimi ndiye niliyekuwa taipisti kabla ya ualimu, kwa hivyo vidole vyangu vinajua njia. Nimesema sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Mume wangu Faki alifariki Machi 2, lori lake lilipopinduka akitoka Mombasa. Bado niko edani. Sheikh ameniruhusu kwenda kazini mchana kwa kuwa sina wa kunilisha, mradi niwe nyumbani, mtaa wa Kamenu hapa Thika, kabla ya magharibi.

Daftari hili nimepewa na Ndinda, mwalimu wa Darasa la Nne. Alisema, "Mwanarusi, kama huwezi kulia, andika." Nimeandika. Sijaona tofauti.

Jumatano, Mei 12

Kompyuta ni tano, za msaada. Moja tu ndiyo imeunganishwa na simu. Unabonyeza, modemu inapiga kelele kama paka aliyekanyagwa, halafu kunanyamaza na uko ndani ya intaneti. Mkuu amenipa dakika kumi kwa siku, maana laini ya ofisi ni hiyo hiyo.

Darasa langu, la Tano, litaandikiana na watoto wa shule nyingine. Kuna ukurasa ambapo watoto hutafuta marafiki. Mkuu anataka kila mtoto aingizwe humo: majina kamili, umri, mtaa anaoishi, anaishi na nani, anapenda nini. Na picha ya darasa zima.

"Dunia ituone," alisema.

Nimechapa wote thelathini na wanane. Wa kumi na tisa ni Wakonyo, miaka kumi, mtaa wa Landless, anaishi na shosho, bibi yake, anapenda kuimba.

Alhamisi, Mei 13

Mvua.

Ijumaa, Mei 21

Barua za kwanza zimefika. Saba. Sasa kazi ni hii: asubuhi napiga simu, barua zinaingia, nakata simu, nazitoa kwa printa, nakunja, naandika jina la mtoto juu, nagawa baada ya mapumziko. Sizisomi, na watoto nimewaambia hivyo. Nililelewa kwamba barua ya mtu haisomwi, hata kama mtu huyo ni mtoto.

Wakonyo alinijia mbio huku kamba za viatu zimefunguka. "Madam, nimepata Becky! Ako na miaka kumi na mbili. Anaishi Nairobi. Babake anarusha ndege!"

Nikamwambia vizuri, afunge viatu.

Jumanne, Mei 25

Barua nne. Nimegawa.

Alhamisi, Juni 3

Barua sita. Mvua imepungua. Ndinda aliniletea isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akasema nimekonda. Nilimshukuru. Nilikula vijiko viwili.

Jumatatu, Juni 14

Watoto wengine wameacha kuandikiwa. Wanaulizia mara mbili, mara tatu, halafu wanasahau na kurudia mpira wao. Wakonyo peke yake ndiye anayepata kila wiki, na wenzake wanamwonea gere. Amebadilika. Zamani alikuwa mtoto wa kukaa nyuma, kola imeraruka, haulizwi kitu akajibu. Sasa anaketi wima. Uthman, mtani wa darasa, alimwambia Becky hayuko, ni yeye anajiandikia. Wakonyo akampiga kwa rula.

Niliwatenganisha. Sikuuliza zaidi.

Ijumaa, Juni 25

Kesho ni Maulidi. Mwaka jana Faki alinunua halua tukala barazani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hainiumi popote.

Barua mbili, moja ya Wakonyo.

Alhamisi, Julai 8

Eda imeisha leo. Wanawake wa jirani walikuja, wakanipaka mafuta, wakanivisha kanga mpya, wakasema sasa uko huru. Nilisubiri nisikie kitu.

Baridi imeingia Thika. Jua halitoki.

Jumatatu, Julai 12

Utepe wa wino wa printa umekwisha. Nilimwambia mkuu. Akasema tungoje, tarehe 30 wanakuja wale wageni waliotupa kompyuta na kila kitu kitanunuliwa kabla ya hapo. Wakonyo aliposikia, macho yakajaa machozi.

"Na barua yangu, Madam?"

Nikamwambia nitanakili kwa mkono. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumtazama akilia.

Jumatano, Julai 14

Lazima niandike hii kwa utaratibu.

Asubuhi kulikuwa na barua moja tu, ya Wakonyo. Nilichukua karatasi nikaanza kunakili kutoka kwenye kioo. Iliandikwa kwa Kiingereza safi. Hapa naiweka kwa Kiswahili:

"Wakonyo wangu, usiogope. Jumamosi ukienda kwa mamako Mugutha, shukia Ruiru mjini. Saa nne ngoja mbele ya duka la vitabu karibu na stesheni ya reli. Mimi nitabaki kwa gari kwa sababu mguu wangu unauma, lakini anko atakuja kukuchukua. Vaa ile sweta ya kijani ili akujue. Usimwambie shosho. Wazee hawaelewi urafiki wa kompyuta. Ukishasoma hii, ichane."

Mkono wangu uliandika mpaka neno "shosho" ndipo ukasimama. Nikabaki naitazama kalamu. Nikasoma tena toka juu. Halafu nikaanza kuhesabu. Mei 21. Juni 3. Juni 14. Zile nyingine. Kila moja niliikunja mimi, nikaandika jina lake juu kwa mwandiko mzuri, nikamtia mkononi.

Nilienda ofisini. Bwana Muriithi aliisoma akiwa amesimama.

"Umemwona huyu mtu?"

"Sijamwona."

"Basi unajuaje si mtoto kweli?"

"Mtoto wa miaka kumi na mbili hasemi ichane barua."

Alifunga mlango. "Mwalimu, hii kitu ikitoka nje tumekwisha. Wazazi watatoa watoto. Wageni wanakuja tarehe thelathini. Wacha hiyo siku ipite, halafu tutaangalia pole pole."

"Yeye amesema Jumamosi, si tarehe thelathini."

"Basi mwambie msichana asiende. Imeisha."

"Na asipomwandikia Wakonyo, atamwandikia nani? Wote tumewaweka pale, na picha."

Nikaona mkono wake unatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Nikatoka. Sikuwa na hofu ya kupoteza kazi wala ya kumkabili. Si ujasiri. Hakukuwa na kitu ndani yangu cha kuogopa nacho.

Jioni nilienda Landless. Shosho ya Wakonyo ana kibanda cha mboga mbele ya ploti yao. Alikuwa anakata sukuma wiki.

"Mwarimu! Karibu, karibu. Kuna nini? Ameiba?"

"Hajaiba, shosho. Kuna mtu anamwandikia barua. Anasema ni msichana."

"Wewe umemwona?"

"La."

"Na barua zinaletwa na nani?"

Nilitamani aulize kitu kingine. "Mimi," nikasema. "Ndiye ninayezileta."

Kisu kikasimama. "Wewe mwarimu."

"Mimi."

"Na hukusoma."

"Sikusoma."

Hakunitukana. Aliingia ndani, nikamsikia akiongea Kikuyu kwa sauti ya chini, na Wakonyo akipiga kelele kwamba ni zake, ni zake. Alirudi na foronya ya mto. Ndani mlikuwa na karatasi kumi, zimekunjwa kama nilivyozikunja mimi, jina juu kwa mwandiko wangu. Hakuwa amechana hata moja.

Shosho hajui kusoma. Tuliketi juu ya magunia nikamsomea, nikigeuza kwa Kiswahili. Ya kwanza ilikuwa ya nyimbo. Ya pili, walimu. Ya tatu, babako alikufa lini, pole sana. Ya nne, yunifomu yenu ni ya rangi gani, unapita njia gani kwenda nyumbani. Ya tano, shosho hufunga kibanda saa ngapi, na kabla arudi uko na nani.

"Wacha hapo," shosho akasema. "Huyo ni mwanaume mzima."

"Umejuaje?"

"Mtoto anataka kujua shosho amepika nini. Nani anataka kujua shosho anarudi saa ngapi?" Akafuta mikono kwa aproni, mara moja, mara ya pili. "Ngai. Maliza kusoma. Soma yote."

Nikasoma yote. Katika ya tisa aliomba picha ya Wakonyo peke yake. Wakonyo alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulimtumia?" nikamuuliza.

"Sina picha," akasema. "Ningekuwa nayo ningetuma." Halafu akanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtoto. "Ulisoma barua yangu, Madam. Ulisema barua ya mtu haisomwi."

Ijumaa, Julai 16

Nilienda Mugutha kumwona Mama Wakonyo. Anachuma kahawa kwenye shamba huko na amepanga chumba karibu na kazi. Alisikiliza bila kukaa chini. Alisema kesho atakuja na mimi, na kwamba kama huyo mtu ana shingo, yeye ana mikono.

Ndinda alipeleka habari kituoni. Askari aliandika, akauliza kosa lenyewe ni lipi, maana kuandika barua si kosa. Akasema tukimwona tuchukue nambari ya gari.

Jumamosi, Julai 17

Wakonyo alibaki Landless, shosho ameketi mlangoni na hakufungua kibanda.

Tulifika Ruiru saa tatu na nusu, mimi, Ndinda na Mama Wakonyo. Ukungu ulikuwa haujainuka. Mama Wakonyo alisimama upande wa pili wa barabara, kwa muuza ndizi. Ndinda alijifanya anatazama magazeti. Mimi nilisimama mbele ya duka la vitabu.

Nilimtarajia mtu wa kutisha. Saa nne kasoro dakika tano gari jeupe liliegeshwa karibu na stesheni, akashuka mwanaume wa miaka arobaini na kitu, koti safi, viatu vimepigwa rangi, nywele zimechanwa. Ungemkuta kanisani au kwenye mkutano wa wazazi ungempisha kiti. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi. Alisimama hatua nne kutoka kwangu akawa anaangalia kila mtoto anayepita. Watoto wakubwa hakuwatazama.

Nilingoja. Alitazama saa. Alitazama tena. Hakukuwa na mtu mwingine aliyengoja mahali pale, lakini kungoja si kosa, na nilijua nikimshika mkono bila hakika nitakuwa ni mwanamke mwenda wazimu tu. Basi nikaita, si kwa nguvu, kama mtu anavyomwita mwanawe:

"Becky!"

Akageuka.

Aligeuka upesi, na uso wake ulikuwa umeshaanza kutabasamu kabla hajaniona. Halafu akaniona. Lile tabasamu likabaki pale, halina pa kwenda.

"Umenifananisha, mama," akasema.

"Nimemwita Becky. Wewe umeitikia kwa nini?"

Akatembea kuelekea gari, hakukimbia. Mama Wakonyo alivuka barabara bila kuangalia magari, akamfikia, akamkamata koti, na ule mfuko wa karatasi ukapasuka. Ilianguka radio ndogo nyekundu na peremende. Mtu yule aliingia garini akaondoka na koti limeng'oka mfuko. Ndinda alikuwa tayari ameandika nambari ya gari pembeni mwa gazeti.

Mama Wakonyo aliiokota radio akaibamiza chini, tena na tena, mpaka betri zikatoka. Watu walianza kujaa. Nikakaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara. Ndinda alininunulia soda. Sikuweza kushika chupa. Akanishikia yeye.

Jumapili, Julai 18

Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, Julai 19

Wakonyo hakuja. Nilimpelekea mkuu nambari ya gari na nakala za barua. Nilimwambia nimeshazipeleka kituoni, kwa hivyo hana cha kuamua. Alizisoma zote kumi na moja. Alipomaliza alivua miwani, akasema, "Mimi ndiye niliyesema waandikwe majina kamili."

"Na mimi ndiye niliyechapa."

Tukaenda wote wawili chumba cha kompyuta, tukaandikia wenye ule ukurasa watoe majina na picha. Yeye ndiye aliyepiga simu. Modemu ilikataa mara tatu, ya nne ikaingia.

Jumatano, Julai 21

Ameweka kufuli kwenye chumba. Anasema tufunge kabisa, hakuna kompyuta, hakuna shida.

Nilimwambia mwaka ujao kutakuwa na duka la intaneti hapa mjini, na mwaka utakaofuata maduka matatu, na watoto wataingia peke yao bila mtu wa kuwaambia neno. Nilimwomba somo moja.

"Utafundisha nini? Utawaambia kuna watu wabaya? Wanajua."

"Hawajui. Walikuwa wanangoja mtu mwenye sura mbaya, kama mimi nilivyongoja."

Nilimweleza ninachotaka kufanya, na kwamba namhitaji yeye. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Mei. "Mimi niandike kama msichana? Mwalimu, mimi mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana."

Jumatatu, Julai 26

Wakonyo amerudi. Ameketi nyuma. Nikiita jina lake anasema yupo, basi. Baridi kali, watoto wanaandika wakiwa wameingiza mkono mmoja kwenye sweta.

Alhamisi, Julai 29

Niliwaita Darasa la Tano chumba cha kompyuta na nikasimamisha ubao mkubwa katikati. Nyuma ya ubao kulikuwa na watu watatu ambao watoto hawakuwaona wakiingia. Mmoja ni Muna wa Darasa la Sita, mwingine ni Zaid wa Darasa la Nane. Wa tatu sikusema. Kazi ya darasa ilikuwa kuuliza maswali kwa karatasi, na wale watatu kujibu kwa karatasi, A, B na C. Mwishoni waseme ni nani msichana wa miaka kumi na mmoja.

Waliuliza vitu vya maana. Unacheza nini? Unaogopa nini? A alijibu kwa maneno mawili mawili. B alikuwa na makosa ya tahajia. C aliandika: "Napenda kuruka kamba lakini miguu yangu mirefu inanaswa. Naogopa choo cha nje kukiwa giza. Sipendi githeri ya shule kwa sababu maharagwe huwa magumu, lakini usimwambie mwalimu mkuu."

Darasa zima likaangua kicheko. Uthman akapiga kelele, "C! C ni msichana! C ni rafiki yangu!" Nikawaambia wanaoichagua C wainue mikono. Mikono thelathini na sita. Nikamwambia C atoke.

Bwana Muriithi akatoka nyuma ya ubao na suti yake ya kahawia.

Walicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye madawati. Yeye hakucheka. Alisimama akawatazama, na kidogo kidogo kicheko kikaisha, mmoja mmoja, mpaka nikasikia mabati yakilia kwa upepo.

"Nilijuaje ya kuandika?" akawauliza. "Niko na binti. Nimemsikiliza. Mtu yeyote anaweza kusikiliza."

Tukaongea saa nzima. Hawakuhitaji niwape sheria, walizitoa wenyewe na mimi nikaandika ubaoni. Usiseme unaishi wapi. Usiseme mama anarudi saa ngapi. Mtu akikuambia usimwambie mtu, huyo ndiye wa kusemwa kwa mtu mzima. Usiende kumwona peke yako. Uthman akauliza, na kama ni mtoto kweli? Muna akajibu kutoka nyuma: kama ni mtoto kweli, hatakasirika ukija na mamako.

Wakonyo aliinua mkono mwishoni. Alikuwa mmoja wa wawili ambao hawakuchagua C.

"Madam. Kwa hivyo hakuna Becky."

Wote wakageuka.

"Hakuna," nikasema.

"Hata kidogo? Hata kama ni binti yake, ama mtu anamjua?"

"Hata kidogo, Wakonyo. Kulikuwa na mtu mmoja tu, na alikuwa anakudanganya. Kosa si lako. Langu lipo, na nimemwambia shosho, na sasa nakuambia wewe mbele ya darasa. Nilitakiwa kusoma."

Akakaa chini. Akalaza kichwa mezani.

Ijumaa, Julai 30

Wageni walikuja. Mkuu aliwaonyesha kompyuta, halafu akawaeleza yote yaliyotokea, bila kuficha. Sikutarajia. Mmoja aliandika kwenye kitabu muda wote. Waliondoka bila kunywa chai. Hatujui kama watatusaidia tena.

Jumatano, Agosti 4

Afisa wa upelelezi alikuja, mwanamke. Wamempata mwenye gari. Ni karani wa ofisi Nairobi, ana mke. Kwenye droo yake kulikuwa na barua za watoto wa shule nyingine mbili. Yuko nje kwa dhamana, kesi ni Septemba. Afisa anasema hajui shtaka lipi litasimama, sheria zetu ni za zamani kuliko kompyuta. Atatuita tukatoe ushahidi. Nimesema nitakwenda.

Ijumaa, Agosti 6

Shule imefungwa. Watoto walikimbilia lango kama kawaida. Nilikuwa nafagia chumba cha kompyuta Wakonyo alipoingia. Hakunisalimu. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa vioo, kimoja baada ya kingine, mpaka cha tano. Ndipo akasema, akiwa amenipa mgongo:

"Najua alikuwa mbaya. Shosho amenieleza. Lakini Madam, alikuwa ananiuliza siku yangu ilikuwaje. Kila barua. Hakuna mtu huniuliza. Shosho anachoka, mama ako mbali. Na wewe unatuangalia kama sisi ni dirisha."

Nilisimama na ufagio. Nililia. Nililia kwa sauti mbele ya mtoto wa miaka kumi, nikamlilia Faki, nikazililia zile karatasi nilizozikunja, kamasi zikatoka na sikuwa na leso. Wakonyo alishtuka. Akanipa kile kitambaa cha vumbi.

Baadaye nikavuta viti viwili.

"Siku yako ilikuwaje?" nikamuuliza.

Alinitazama muda mrefu, akinipima. Halafu akaanza tangu alipoamka: maji kwenye beseni yalikuwa baridi mpaka akapiga kelele, kuku wa jirani ametaga ndani ya kiatu chake, Uthman ameomba msamaha lakini hajamsamehe, bado anafikiria. Kulikuwa na mengi. Sikumkatiza.

Nilipotazama nje lango lilikuwa limeshafungwa, na mlinzi amesimama na funguo akitungoja. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba angoje bado.